Alama Ishirini za Kigingi cha Bi Saumu

Kamba ikiwa imara, uliza makumbi yalifukiwa lini.

Neno hilo mmelisikia leo asubuhi kwenye uwanja wa shule, kwa mama muuza mihogo, wakati diwani wetu alipokuwa jukwaani akijisifia matokeo ya darasa la saba. Mama yule alilitamka taratibu huku akigeuza mihogo yake kwenye karai, na wazee waliokuwa karibu naye wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nyinyi hamkucheka. Mmekuja kuniuliza, nami nawasifu kwa hilo, maana vijana wengi siku hizi hucheka kwa kufuata mkumbo tu.

Basi kaeni. Neno hili halikuanguka kutoka mbinguni. Lina mji wake, lina mwaka wake, na mwanamke aliyelisema mara ya kwanza alikuwa amekwisha kuumia kwa ajili yake.

Mji wenyewe uliitwa Matopeni. Jina si la kujivunia, lakini matope hayo ndiyo yaliyowalisha watu wake. Mnajua nazi ikifuliwa kumbi hubaki. Miji mingine kumbi hutiwa jikoni likawa kuni. Matopeni hawakuchoma hata moja. Wanawake waliyabeba makumbi kichwani mpaka pwani, siku za bamvua, maji yanapokupwa na kwenda mbali kuliko siku nyingine zote. Huko walichimba mashimo kwenye tope, wakayajaza makumbi, wakayafukia na kuyawekea mawe juu, wakayaacha. Bahari ilikuja na kurudi, na kumbi likaoza polepole huko chini. Wakati ukitimia waliyafukua, wakayaponda kwa rungu juu ya gogo, wakayaosha na kuyaanika. Zile nyuzi zilizobaki, ambazo huitwa usumba, ndizo walizopewa wanaume wazisokote kamba.

Mwanamume wa Matopeni hakushuka kwenye mashimo hata siku moja. Hakukuwa na mwiko. Ilikuwa harufu tu. Kumbi lililooza kwenye tope lina harufu ambayo sitawasimulia, kwa kuwa bado hamjala. Wanaume walikaa juu, mahali pakavu, wakingojea usumba uje umekwisha kuoshwa na kukauka, msafi unapendeza. Ndiyo sababu ungemuuliza mwanamume wa Matopeni kamba ilianza lini, angekuambia ilianza siku aliyoisokota. Ungemuuliza mkewe, angekutajia siku aliyofukia. Shikeni hapo, maana hadithi yote imekaa hapo.

Kila shimo lilikuwa na kigingi chake cha mti wa mkandaa. Kila bamvua mwenye shimo alishuka kurudisha mawe yaliyosogezwa na mawimbi, na akishamaliza alitoa kisu akakata alama moja kwenye kigingi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Kwa hiyo mtu akikiangalia kigingi alijua makumbi yale yana umri gani, bila ya kuuliza.

Zamani za wazee wao makumbi yalikaa mpaka alama ishirini. Halafu pakaingia pupa. Mmoja alifukua kwenye kumi na sita, akauza mapema, jirani akaona wivu akafukua kwenye kumi na mbili. Ukafika wakati mji mzima unafukua kwenye sita. Makumbi yasiyoiva hutoa nyuzi fupi na ngumu. Kwa nje kamba ni ileile, nene na nzuri, na anayeinunua haoni kitu. Kilichomo ndani hujulikana siku ikibeba mzigo.

Wakati huo jumbe wa Matopeni alikuwa mwanamke, Mwanatumu binti Shee. Hakuwa jumbe wa kukaa ndani akipepewa. Alikuwa na shimo lake kama wenzake, na kucha zake zilikuwa na tope kama za wenzake. Na pupa alikuwa nayo vilevile. Hilo lazima liwemo kwenye hadithi, kwa kuwa mwenyewe hakulificha.

Habari mbaya ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Katika mji wa jirani kitanda cha bi harusi kilichosukwa kwa kamba za Matopeni kilikatika usiku wa kwanza, na maharusi wote wawili wakakutana na sakafu. Watu walicheka miezi miwili. Mafundi wa vitanda hawakucheka, wakaanza kununua kamba kwingine.

Habari ya pili haikumchekesha mtu. Mwanatumu alikuwa na mtoto wa mdogo wake wa kike, Shaame, kijana aliyekuwa mchimba visima, na mchimba visima hushushwa chini kwa kamba na hupandishwa kwa kamba. Siku hiyo alikuwa anapandishwa. Amefika karibu na mdomo wa kisima, anaona jua, kamba ikakatika. Hakufa, Mungu alimsitiri, lakini mguu wake wa kulia haukunyooka tena. Walipomleta nyumbani wamembeba kitandani, Mwanatumu aliomba aione kamba. Akaipekua kwenye mkatiko, akainusa, akaitambua. Ilitoka kwenye shimo lake mwenyewe. Alikuwa amelifukua kwenye alama ya sita.

Alilia siku tatu. Kisha akanawa uso.

Siku ya Mwaka ikafika, ile ya kufungua mwaka mpya. Kwa desturi ya Matopeni sheria ya mji ilitungwa siku ya Mwaka tu, na ikishatungwa haikuweza kufutwa ila siku ya Mwaka mwingine. Mwanatumu alisimama mbele ya watu akasema kwamba tangu siku ile hakuna shimo litakalofunguliwa mpaka kigingi chake kiwe na alama ishirini. Yaliyokuwa yamefukiwa yatolewe yakachomwe, kila mtu afukie upya, na aanze kuhesabu moja. Wazee waliunga mkono kwa kuwa walikumbuka kamba za ujana wao. Wengine waliunga mkono kwa kuwa Shaame alikuwa ameketi mbele yao na mguu wake.

Lakini kuunga mkono sheria siku ya Mwaka ni rahisi, maana siku hiyo kila mtu ameshiba. Bamvua la tano lilipofika, kamba za akiba zilikuwa zimekwisha. Bamvua la kumi wanaume walikuwa wamekaa mikono mitupu tangu asubuhi mpaka jioni, hakuna usumba wa kusokota. Watu wakala mlenda bila ya kitoweo. Wakamtazama jumbe wao kama wanavyotazama mvua iliyopita bila ya kunyesha.

Aliyemuuma Mwanatumu kuliko wote alikuwa Saumu binti Vuai. Huyu alikuwa shoga yake tangu utotoni. Mashimo yao yalikuwa ubavu kwa ubavu, na waliazimana kisu cha kukatia alama. Saumu alikuwa na wajukuu wanne wa kulisha, na siku moja alifungua kasha akatoa mitali, zile bangili za miguuni, ya fedha aliyoachiwa na mamake, akaenda kuiuza kwa mafungu ya mtama. Siku aliyorudi na ule mtama hakupita kwa Mwanatumu. Hakupita tena.

Bamvua la kumi na nne watu wakakusanyika. Saumu ndiye aliyesimama.

"Sheria yako imetula," alimwambia Mwanatumu mbele ya mji. "Makumbi yanalala kwenye tope, watoto wanalala na njaa. Toka kwenye kigoda hicho akae mwenye huruma."

Mwanatumu alitaka kujibu, lakini akamtazama Saumu miguuni, pale mitali ilipokuwa ikikaa. Akainuka akaenda zake nyumbani. Hakuna kilichomuumiza maishani kama ile njia ya kutoka barazani mpaka mlangoni kwake, na wanawake aliowazalisha wakigeuza nyuso.

Kigoda akapewa Faki bin Makungu, msokotaji kamba hodari, mtu wa maneno matamu na kilemba kikubwa. Aliahidi kuwa siku ya Mwaka ikifika ataifuta sheria ile. Kabla ya hapo hakuweza, desturi ilimfunga. Na kwa kuwa jumbe mpya hawezi kukaa bure watu wakimtazama, aliwaita wanaume waliokuwa hawana kazi akajenga banda. Lilikuwa banda refu la makuti, lenye nguzo kumi na mbili, la kusokotea kamba kivulini. Msiniulize alitarajia kusokota nini. Lakini lilikuwa banda zuri.

Bamvua la ishirini likafika, Faki ana miezi mitatu kwenye kigoda. Wanawake wakashuka pwani wakafukua. Saumu alipovunja kumbi la kwanza mikononi, lilifunguka lenyewe, nyuzi ndefu, laini, za rangi ya dhahabu. Usumba ukapanda juu mafungu kwa mafungu, ukaingia kwenye banda jipya, na wanaume wakasokota kamba ambazo vijana wa mji hawakuwahi kuziona. Wanaume wanne walivuta upande huu na wanne upande ule, kamba ikalia tu, haikukatika. Mafundi wa vitanda wakarudi. Wachimba visima wakaja kutoka mbali. Matopeni wakala wali.

Nao wakaziita kamba za Faki.

Mwanatumu alizisikia sifa hizo akiwa uani kwake. Watu walipita njiani wakisema, "Huyu Jumbe Faki ana mkono wa baraka. Miezi mitatu tu, mnaona?" Wengine walisema ni lile banda, kwamba kivuli ndicho kinachoupa usumba nguvu. Faki mwenyewe alisikia maneno hayo kila siku, na mtu akisikia jambo kila siku huliamini, hasa likiwa la kumsifu. Hakuwa anadanganya. Alijua kamba kuanzia siku ya kusokotwa, na kusokotwa kulifanyika bandani kwake.

Iliuma, nisiwafiche. Mwanatumu alipika chakula kikamwungulia. Lakini alinyamaza. Alijisemea kwamba watu wanakula, na mwenye kula anamshukuru anayemwona. Angekaa hivyo mpaka leo kama Shaame hangekuja siku ile, anachechemea, ana furaha usoni.

"Mamkubwa, nimepata kazi," alisema. "Kisima kirefu, huko bara. Nitashuka baada ya mavuno ya mwakani, wakishapata kamba mpya. Na kamba zitakuwa tele, Jumbe anasema siku ya Mwaka anarudisha alama sita. Anasema banda linatosha."

Mwanatumu alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Utashuka kwa kamba ya alama sita?"

"Kamba za Jumbe Faki hazikatiki, Mamkubwa. Kila mtu anajua."

Yule kijana alisema hivyo na mguu wake umepinda mbele yake. Hapo Mwanatumu akaona kwamba sifa aliyoiacha ipotee haikuwa sifa tu. Watu wakikosea aliyeleta jambo, watakosea pia kilicholileta, na watakitupa kilicholileta huku wanacheka. Akaenda uvunguni mwa kitanda akatoa kigingi chake.

Siku ya Mwaka mji wote ulikuwa bandani, na kwa kweli kivuli kilikuwa kizuri. Faki alisimama na kilemba kipya. Alianza kwa shukrani, akapita kwenye sifa, akakaa huko kwenye sifa muda mrefu.

"Mnakumbuka njaa," alisema. "Mnakumbuka nani alikuwa amekaa hapa wakati wa njaa. Nimekuja mimi, miezi mitatu, kamba zikawa hizi. Sasa nasema, kama banda hili limefanya haya, kwa nini makumbi yafungwe kwenye tope kama wahalifu? Turudi kwenye alama sita. Tutavuna mara tatu. Mwakani mtavaa hariri."

Watu wakashangilia. Kelele zilipopungua Mwanatumu akainuka.

"Jumbe, naomba neno."

"Sema, dada. Mji ni wetu sote."

"Kamba unazozisifu ni imara, nami nazisifu. Nauliza kitu kimoja. Makumbi yake yalifukiwa lini?"

Faki akatabasamu. "Makumbi ni mambo yenu wanawake. Mimi nazungumza habari za kamba."

"Basi nitakujibu mimi. Hiki ni kigingi cha shimo langu. Kina alama ishirini. Kati ya hizo, wewe ulikuwa na kigoda kwa alama sita tu. Sheria unayotaka kuifuta ndiyo iliyosokota kamba hizi, kabla ya banda kuwa na nguzo hata moja."

Minong'ono ikapita. Lakini Faki alikuwa mtu mwepesi wa ulimi.

"Dada yangu, kigingi ni chako na kisu ni chako. Alama ungeweza kuzikata hata jana jioni. Mtu aliyetolewa kwenye kigoda hakosi la kusema."

Watu wakacheka. Mwanatumu akabaki amesimama na kigingi chake mkononi. Kweli alikuwa nayo, ila hakuwa na wa kumwamini. Alimwona Shaame anatazama chini kwa haya, akajua kijana atashuka kisimani.

Ndipo pale nyuma, upande wa wanawake, mtu akasimama. Alikuwa Saumu.

"Mnanijua," alisema. "Mimi ndiye niliyesimama nikasema huyu mwanamke atolewe. Sijasema naye tangu siku ile. Asubuhi hii nimepishana naye njiani na sikumwamkia. Kwa hiyo, Jumbe, usiniambie nimekuja kumpigia debe."

"Sikuambii hivyo, Bi Saumu."

"Vizuri. Basi shika hiki."

Akatoa kigingi kwenye upindo wa kanga yake, kimechakaa kwa chumvi, akakipitisha mkono kwa mkono mpaka kwa Faki.

"Hesabu, kuanzia chini."

Faki alikigeuza. Alikuwa mtu wa majivuno, lakini macho alikuwa nayo. "Hizi za chini ni ndefu," alisema. "Zimekatwa nusu ya mti. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya hasira," Saumu akajibu. "Kila bamvua nilishuka na tumbo tupu. Nilirudisha mawe, nikakata alama, na kila nilipokata nilimlaani yule pale. Nilikata kwa nguvu. Kisu kilinivunjikia kwenye ya tisa, utaiona imepinda, nilikuwa nimetoka kuuza mitali ya mamangu. Hesabu laana zangu, Jumbe, uniambie ni ngapi."

Faki akapitisha kidole juu ya kigingi, alama baada ya alama, midomo ikichezacheza. Kwenye ya tisa akasita, akaendelea.

"Kumi na nne," alisema.

"Na zile za juu?"

"Za juu ni ndogo. Sita."

"Hizo nilizikata wewe ukiwa kwenye kigoda. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa nimepata nilichotaka. Kwa hiyo nilikuwa nagusa tu. Sasa niambie wewe msokotaji, kamba hizi zilianza lini?"

Faki alikiangalia kigingi, akaiangalia kamba iliyoning'inia kwenye nguzo ya banda lake, akavua kilemba akajifuta uso kwa ncha yake. Wako watu wakionyeshwa kosa huvunja kigingi. Yeye hakukivunja, na kwa hilo jina lake halikutupwa.

"Kumbe mimi nilifanya nini?" aliuliza, na aliuliza kweli.

"Ulijenga banda," Mwanatumu akamjibu. "Ni banda zuri. Halivuji."

Watu wakacheka, na Faki naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo. Mwanatumu hakucheka. Akasogea mbele.

"Sikuja kudai kigoda," alisema. "Kikalie. Hata sifa endelea nazo kama zinakupendeza. Mimi niachie sheria. Maana alama zako, Jumbe, ndizo tunazokata leo. Ukisema sita, leo hakuna atakayeona kitu, tutasherehekea na kulala. Makumbi yatatoka mabichi, mwakani kamba zitakatika, na huenda mwingine akawa amekaa hapo, atukanwe yeye kwa kosa lako. Ile kamba iliyomvunja mtoto huyu mguu niliifukia mimi, kwa pupa yangu. Nilipofukia nilikuwa nacheka. Sikujua kuwa siku ileile nilikuwa namvunja."

Shaame aliinua kichwa. Hakuwa anajua. Mamkubwa wake hakuwahi kumwambia kamba ile ilitoka shimo la nani, na sasa alimwambia mbele ya mji mzima. Kijana akasimama kwa mguu wake mzima.

"Mimi ndiye nitakayening'inia," alisema. "Nataka alama ishirini."

Basi sheria haikufutwa. Faki mwenyewe ndiye aliyesema ibaki, na sauti yake ilikuwa imara alipoisema. Akaongeza moja ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria: kila jumbe mpya, kabla ya kukalia kigoda, ashuke pwani siku ya bamvua afukie shimo moja kwa mikono yake. Akaanza yeye. Wanasema alirudi amefunga kilemba puani, na mkewe alimlaza nje siku mbili.

Watu walipotawanyika, Saumu na Mwanatumu walijikuta njia moja, maana nyumba zao hazikuwa zimehama.

"Nimekulaani mara kumi na nne," Saumu alisema. Alikuwa amerudishiwa kigingi chake, akakinyoosha kwa mwenzake. "Zote zimo humu. Sijui utazifanya nini."

Mwanatumu akakipokea, akakipima uzito mkononi. "Kimekauka vizuri," alisema. "Nitakipikia uji. Wewe lete wajukuu."

Uji ule waliunywa pamoja, na tangu hapo kisu kikaazimwa tena. Kamba ya mavuno yaliyofuata ilimshusha Shaame mpaka chini kabisa ya kile kisima kirefu, ikampandisha na maji yake. Na Matopeni mtu akisimama kujisifia neema aliyoikuta, hawakumzomea wala hawakumbishia. Mtu mmoja aliuliza tu, kwa upole, makumbi yalifukiwa lini. Kamba ikikatika, waliuliza vilevile kabla ya kumtukana aliyeishika.

Sasa turudi kwenye uwanja wa shule. Diwani wetu si mtu mbaya. Ana mwaka mmoja na nusu kwenye kiti, amepaka madarasa rangi, na rangi yenyewe inapendeza. Lakini wale watoto waliofaulu walianza darasa la kwanza miaka saba iliyopita. Mwaka ule halmashauri ilipitisha sheria ndogo kwamba kila mzazi atoe unga, na kila mtoto anywe uji shuleni kabla ya kushika kalamu. Nyinyi mlikuwa wadogo, hamkumbuki matusi yaliyotukanwa kwa ajili ya ule unga. Diwani aliyeipigania sheria ile alishindwa uchaguzi uliofuata, akashindwa vibaya, na hata mimi, Mungu anisamehe, sikumpa kura yangu.

Mnataka kujua ni nani? Mmemwona leo. Alikuwa anageuza mihogo.

Ndiyo maana wazee walicheka, na ndiyo maana mmoja alipaliwa. Mmoja huyo ni mimi. Kesho mkipita pale mwamkieni kwa adabu, mkanunue mihogo, na msimwambie kuwa nimewaambia. Na siku yoyote mkimsikia mtu jukwaani ameshika kitu kizuri anasema ni chake, msimzomee. Angalieni kile kitu kwanza, mkubali kuwa ni kizuri, halafu mkumbuke.

Kamba ikiwa imara, uliza makumbi yalifukiwa lini.